Moyo wa Mtu Mwingine

Dalili ya mvua si mawingu. Kalekye Ndolo alianguka saa sita mchana, mbingu ya Mwingi ikiwa nyeupe pe, mkono wake ukiwa ndani ya gunia la ndengu. Hakushika kifua. Hakulalamika. Aliinama kumchotea mteja kilo mbili, akapiga magoti kama anayetaka kuomba, povu likamtoka mdomoni, akawa amekwisha. Mteja alibaki pale ameshika mfuko wazi.

Saa moja kabla ya hapo, Naila, mke wa mwanawe, alikuwa amemletea kikombe cha uji.

Uji na povu. Hayo mawili ndiyo yaliyomweka Naila seli siku kumi na mbili. Alhamisi asubuhi Sajini Kavata Mbaluka wa upelelezi alimkuta ameketi juu ya blanketi la kituo, mtandio kichwani, bakuli la plastiki miguuni.

"Sajini, uji wenu una mchanga," Naila alisema. "Mkinifikisha kortini nitamwonyesha hakimu ni nani anayelisha watu sumu."

"Korti ni kesho saa tatu."

"Najua. Binti ya Hassan fundi magodoro, afungwe maisha kwa uji wa wimbi."

"Mama mkwe wako aliupenda huo uji?"

"Alisema ni mwepesi kama maji ya kunawa. Kila siku alisema hivyo, na kila siku alimaliza kikombe."

"Ulitia nini ndani?"

"Ndimu. Sukari hapana, alikuwa na kisukari." Naila alisukuma bakuli kando kwa kidole cha mguu. "Sajini, mimi ndiye niliyemdunga insulini asubuhi na jioni kwa miaka miwili. Sindano ilikuwa mkononi mwangu. Ningetaka kumuua, uji ungekuwa wa nini?"

Kavata aliandika sentensi hiyo neno kwa neno, akapiga mstari chini yake.

Ofisini, Inspekta Kyule hakutaka kuisoma. Alikuwa na karatasi yake mwenyewe, naye alikuwa ameishika kama mchungaji anavyoshika Biblia. Mwaka mmoja na nusu uliopita Kalekye alizibuliwa mshipa wa moyo Nairobi, akawekewa stenti, kijibomba cha waya kinachouzuia mshipa usizibe tena. Wiki sita kabla ya kufa alipigwa picha za moyo katika kliniki moja Tawa. Karatasi ya Kyule ilikuwa ripoti ya picha hizo.

"Soma mwisho," Kyule alisema.

"'Moyo unacheza vizuri kabla na baada ya zoezi. Hakuna sehemu inayokosa damu.'"

"Moyo safi. Sasa mtu wa moyo safi anakufaje akitoka povu? Mashine haina ukoo, Kavata. Haimpendelei mtu."

"Afande, mkemia wa serikali hajaleta majibu."

"Ataleta. Familia inalia, kanisa linapiga simu, na mzee Ndolo ameniambia hatazika mpaka huyo binti ashtakiwe. Faili linaondoka hapa saa kumi na mbili jioni. Kama una kitu, kilete kabla ya hapo."

Saa tatu na nusu Kavata alikuwa Kitui, katika chumba kidogo nyuma ya mochari. Daktari Tumu, mchunguzi wa maiti, mwanamke wa pwani aliyehamia huku miaka kumi iliyopita na bado akilalamikia vumbi, alikuwa anamsubiri.

"Povu kwanza," Daktari Tumu alisema. "Wamekushika masikio kwa povu. Moyo ukishindwa kusukuma, maji hujaa mapafuni, na maji hayo hutoka povu. Sumu haina hatimiliki ya povu, dada."

"Uliniambia hivyo wiki jana. Inspekta akasema moyo ulikuwa mzima, picha zipo."

"Wiki jana sikuwa na hiki." Alimsogezea hadubini. "Vipande vya moyo vimerudi kutoka maabara leo asubuhi. Tazama. Nyekundu ni nyama ya moyo. Hilo jeupe ni nini?"

"Kovu."

"Kovu. Ukuta wa mbele wa moyo umekufa nusu yake, ukapona kwa kovu gumu. Kovu kama hili haliivi kwa wiki sita. Miezi mitatu, nikijibana. Minne, nikisema ninavyoamini."

Kavata aliinua kichwa. "Alikuwa mgonjwa miezi minne na hakusema?"

"Hakujua. Kijibomba kilianza kuziba tena polepole. Watu wengi hapo huumwa kifua. Lakini kisukari hula neva zinazobeba maumivu. Moyo unakufa njaa na hauwezi kulia. Ndiyo maana daktari wake wa Nairobi hakumwuliza unaumwa wapi. Aliagiza picha. Unampiga picha amepumzika, unamtembeza kwenye mashine mpaka moyo uende mbio, halafu unampiga tena haraka, kabla mapigo hayajashuka. Ukuta unaokosa damu utauona unachechemea."

"Na ukuta wenye kovu?"

"Huo hauchezi kabisa, hata amelala." Daktari Tumu alifungua kompyuta. Moyo wa kijivu ukaanza kufumba na kufumbuka kwenye kioo. "Hizi ndizo picha za Tawa. Ukuta wa mbele ni huu. Unauona?"

"Unacheza."

"Unacheza ngoma. Huu si moyo niliokuwa nao mezani. Huu ni moyo wa mtu mwingine, na ni kijana."

Kavata alitaka kusimama. Daktari alimshika mkono.

"Ukimpelekea bosi wako hilo tu, atasema wataalamu wawili wanapingana, hakimu aamue. Na binti atasubiri rumande mpaka hakimu aamue. Tafuta mwenye moyo. Chini ya picha kuna mstari wa mapigo. Hesabu hapa. Moja, mbili, la tatu limewahi, halafu kimya kirefu, ndipo linakuja la nne. Tafuta mstari unaojikwaa hivyo hivyo, mahali pale pale."

Kutoka Kitui hadi Tawa, kupitia Wamunyu na Masii, Kavata aliendesha gari bila kuwasha redio. Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo, na ngazi zake zilinuka dawa ya kupe. Alimkuta Muthoki, mpiga picha wa moyo, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa anakula ndizi mbele ya mashine.

"Polisi? Basi ngoja nimeze," Muthoki alisema.

Kavata alitaka watu wote waliopigwa picha tarehe tisa. Walikuwa saba: wanaume sita na Kalekye. Muthoki aliwafungua mmoja mmoja, na Kavata akahesabu kwa ncha ya kalamu. Wa kwanza, mapigo sawasawa. Wa pili, sawasawa. Wa tano alikuwa mwalimu wa michezo, miaka thelathini na mmoja, aliyekuja kupimwa kwa ajili ya kazi mpya. Moja, mbili, la tatu likawahi. Kimya. La nne.

"Weka la Kalekye kando yake," Kavata alisema.

Mioyo miwili ilifumba pamoja, ikafumbuka pamoja. Ndizi ya Muthoki ilibaki njiani.

"Mungu wangu. Ni mmoja."

"Nani angeweza kufanya hivi?"

"Mimi au mwenzangu. Na mimi tarehe tisa nilikuwa Mukuyuni, tunamzika shangazi. Uliza kijiji kizima, nililia kuliko watoto wake."

"Huenda mama alimtuma mtu atembee kwa niaba yake. Goti lake lilikuwa baya."

"Hapana. Tunalinganisha uso na kitambulisho. Na hata angemtuma mtu, asingemtuma mwalimu wa kiume."

Kavata aliwaza hongo. Nani angelipia ripoti safi? Alilizungusha swali hilo, likakataa kusimama. Anayekusudia kuua kwa sumu angenunua ripoti mbaya, ili kifo kikija watu waseme ni moyo. Ripoti hii haikumfaa muuaji yeyote. Haikumfaa hata aliyeiandika.

"Nionyeshe mnavyofanya," alisema. "Nifanye mimi ndiye mgonjwa."

"Utavua?"

"Nieleze tu."

Muthoki alivuta pazia. "Unavua hadi kiunoni. Hata sidiria. Unatembea kwenye mashine ukiwa na gauni lililofunguka mbele. Nikisema basi, unakimbilia kitanda hiki, unalala ubavu wa kushoto, mkono juu ya kichwa. Mimi nakaa hapa nyuma yako, nakukumbatia hivi, kichwa cha mashine kinaingia chini ya ziwa la kushoto. Ziwa likiwa kubwa nalinyanyua kwa mkono. Hakuna kusitasita, tuna dakika moja na nusu. Ndiyo maana wanawake ni wangu, wanaume ni wake. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ni kawaida ya hapa."

"Na tarehe tisa, ulipokwenda matangani?"

"Wanawake niliwapigia simu wasije. Huyu simu yake haikushika. Nikaacha karatasi mezani, mwenzangu amwambie arudi Jumatatu."

Kavata alitazama ripoti. Mwishoni hapakuwa na jina, herufi mbili tu. D.M.

"Mwenzako anaitwa nani?"

"Mutunga. Ametoka kula, anarudi sasa hivi."

"Alioa wapi?"

"Kwenu huko. Mwingi."

Kavata alifunua daftari nyuma, kurasa za siku ya kwanza. Aliyaona aliyoyaandika bila kuyatazama. Mkwe: Mutunga, wa Tawa, anafanya kazi hospitali. Chini yake, kutoka kwa binti ya marehemu: Mama alipokuja kupimwa alilala kwa mama mmoja wa kanisa, hakulala kwetu. Bila shaka hakulala kwao. Ukiwa mama, hulali chini ya paa la aliyemwoa binti yako. Mkikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Kavata mwenyewe alikuwa amemwona mama yake akijificha nyuma ya ghala mkwe akipita. Nthoni, Wakamba huiita. Ni aibu na heshima katika neno moja.

Mutunga aliingia akipangusa mafuta ya chapati vidoleni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, beji ya umoja wa vijana wa kanisa kifuani ingawa ujana ulikuwa umemtupa mkono. Aliona mioyo miwili kwenye kioo, akasimama mlangoni.

"Keti," Kavata alisema. "Ulimpima Kalekye Ndolo tarehe tisa?"

"Nilimpokea yule mama."

"Nimeuliza kupima."

"Muthoki, tupishe," Mutunga alisema.

"Muthoki atakaa. Jibu."

Alitazama sakafu. "Sajini, wewe ni Mkamba?"

"Wa Migwani."

"Basi usiniulize."

"Nakuuliza."

Katika duka la chini watu walikuwa wakibishana kuhusu bei ya dawa ya minyoo. Mutunga alisubiri mpaka wakanyamaza.

"Sikujua yumo," alisema. "Sikuwa nimeiona ile karatasi. Alikuja mapema, akaambiwa na mfagiaji aingie ajitayarishe, na yeye alijua ni Muthoki atakayempima. Nikavuta pazia. Alikuwa na leso kiunoni tu."

Kavata aliandika leso.

"Nikalifunga. Sikukimbia. Naye hakupiga kelele. Nilimsikia anavaa. Halafu akasema, akiwa kule ndani, 'Mwanangu, mimi siumwi popote. Andika unavyowaandikia wazima.' Nikaandika."

"Ukachukua moyo wa mwalimu."

"Ulikuwa wa mwisho kupigwa kabla yake. Ulikuwa mzuri."

"Ungemwambia arudi Jumatatu."

"Kumwambia arudi ni kumwambia nimemwona. Sote wawili tulitaka siku ile isiwe imetokea. Na kweli hakuwa anaumwa! Alipanda hizi ngazi mwenyewe."

"Wewe ni mtu wa moyo, Mutunga," Muthoki alisema. "Wewe! Unajua kwa nini wenye kisukari wanaletwa hapa. Kwa sababu hawaumwi!"



"Na Naila?" Kavata aliuliza. "Ulijua yuko seli kwa sababu ya karatasi yako."

"Nilijua."

"Siku kumi na mbili."

"Niliomba. Kila asubuhi, kanisani." Mutunga aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Nilimwomba Mungu mkemia apate sumu."

Kavata alifunga daftari. "Chukua koti lako."

Walifika Mwingi saa kumi na moja na robo. Malori ya Garissa yalikuwa yamepanga foleni mbele ya kituo, na ndani, kwenye benchi la ofisi ya Kyule, aliketi mzee Ndolo, mume wa marehemu, kofia magotini na fimbo kati ya miguu. Alikuwa ameitwa kutia sahihi kama mlalamikaji kabla faili halijaondoka. Mutunga alipomwona alikwenda kusimama kona ya mbali, akaugeukia ukuta.

Kyule aliyasikiliza yote kwenye ujia, mlango umefungwa. Alisugua uso kwa viganja viwili.

"Andika mashine iliharibika," alisema.

"Haikuharibika, afande."

"Kavata. Yule mzee ni mzee wa kanisa. Yule mwingine ni mkwe wake. Ukiyasema haya mbele yao, katika boma lile hawatakaa tena meza moja mpaka kufa. Mashine iliharibika, picha zikachanganyika, binti anatoka, mama anazikwa. Kila mtu anabaki na nguo zake."

"Binti hatoki. Kiongozi wa mashtaka ataagiza mashine ikaguliwe. Itakutwa nzima. Watagombana mwaka mzima, na Naila atakuwa rumande akiwasubiri. Kinachomtoa ni mtu mmoja kusema nilifanya, na kwa nini."

"Basi asaini kimyakimya."

"Taarifa ya mshukiwa husomwa kwa sauti mbele yake kabla hajasaini. Ulinifundisha wewe. Na mlalamikaji ana haki ya kujua kwa nini lalamiko lake limekufa."

Kyule alifungua mlango, akamwachia apite.

Kavata alisoma amesimama. Alisoma kwa Kiswahili cha faili, kisichopamba wala kuficha: tarehe tisa, saa nne na dakika ishirini, chumba cha pili. Alipofika penye pazia fimbo ya mzee Ndolo iligonga sakafu mara moja. Kavata hakukatiza. Alisoma leso. Alisoma maneno ya Kalekye kama Mutunga alivyoyasema. Alisoma umri wa mwalimu wa michezo, pigo la tatu, na kovu la miezi minne. Mutunga alisaini karatasi ikiwa imebanwa ukutani, ili asigeuke.

Kyule alimpigia simu kiongozi wa mashtaka. Alisema "ndiyo, mheshimiwa" mara sita, kisha akakata. "Faili haliendi. Korti itapelekewa barua. Mtoe binti."

Naila aliletwa amebeba viatu mkononi, maana kamba zake zilikuwa zimechukuliwa siku ya kwanza na hakuna aliyejua ziliwekwa wapi. Aliangalia ofisi ile, mtu aliyegeukia ukuta, mzee asiyemtazama, akaelewa kwamba kuna jambo limesemwa humu.

"Ni uji?" aliuliza.

"Si uji," Kavata alisema. "Ni moyo. Ulikuwa umeziba miezi mingi, hata yeye hakujua. Ripoti iliyosema ni mzima ilikuwa ya uongo. Tia sahihi hapa, uende kwa mume wako. Musyimi yuko nje."

Naila alitia sahihi. "Angepimwa vizuri, angekuwa hai?"

"Daktari Tumu anasema wangeweza kumzibua tena."

Naila akavaa viatu visivyo na kamba.

Mzee Ndolo alisimama. Alisema na Kavata, uso wake ukiwa umeelekea dirishani, mbali na mke wa mwanawe.

"Mwiitu, binti wa Mbaluka. Nilimwoa mke wangu miaka arobaini na moja iliyopita. Sikuwahi kulitaja jina la nguo yake mbele ya mtu. Wewe leo umemvua, ukamsimamisha mbele ya mkwe wake na mbele ya askari, na hata hajazikwa. Wazee wangekutoza mbuzi kwa hilo. Mimi sitaki mbuzi wako. Nataka neno moja."

"Neno gani, mzee?"

"Niombe msamaha. Mimi na yeye."

Kyule alikohoa. "Sajini, ni neno tu. Haligharimu kitu."

Kavata alimtazama Naila aliyesimama mlangoni, ambaye hakuna mtu humo ndani aliyekuwa amemwambia pole. Kisha akamgeukia mzee, na akasema naye kwa adabu, kama binti anavyosema na baba wa mtu.

"Angevuliwa kliniki akapimwa, mzee, nisingekuwa na haja ya kumvua mimi. Siombi msamaha."

"Mwiitu..."

"Siombi."